Ukoga

Ulianza kama vumbi la hudhurungi juu ya mchanga.
Nikasema litapita, tangi jipya lina balehe yake.
Mwezi wa tatu zikawa nywele:
za kijani, ndefu, zikipepea mbele ya pampu,
zimeyafunika matumbawe niliyoyalea
tangu yakiwa saizi ya kifungo cha kanzu.

Mie ni karani wa makontena, Kilindini.
Kilichoingia na kilichotoka
vilingane kabla ya saa kumi na moja.
Basi nikafungua daftari.
Maji: si ya bomba la Ganjoni, ni ya kuchujwa,
mitungi minne, ghorofa ya tatu, Mwero akihema mlangoni.
Taa: saa sita, si kumi.
Pazia la dirisha la mashariki: limefungwa.
Chakula: kiasi cha kubana kwa vidole viwili,
mara moja, alfajiri.

Nikasugua kwa mswaki, jiwe baada ya jiwe.
Nikavuta uchafu kwa mpira mwembamba hadi ndooni.
Nikatia konokono thelathini; wakapanda kioo,
wakaacha vijia kama mwandiko wa mtoto, wakachoka.
Nikamleta tasi mdogo, mla mwani tangu kuumbwa.
Mama akamtazama sana. "Huyu twamkaanga lini?"
Nikazima taa siku tatu, nikalifunika tangi kwa leso
ambayo jina lake limefutika kwa kufuliwa.
Nilipofunua, mawe yalikuwa uchi.
Wiki mbili tu.

Kila Ijumaa napima: maji kichupani, matone kumi,
tikisa, ngoja.
Rangi yatakiwa ibaki njano.
Yaenda waridi. Yaenda nyekundu ya mabuyu.

Daftari lasema mlo mmoja. Maji yasema saba.
Na maji hayana sababu ya kunidanganya.

Jumatano mtambo wa bandari ukalala,
nikarudi nyumbani saa nane, viatu mkononi,
nisimwamshe.
Alikuwa amesimama mbele ya kioo, kikopo wazi.
"Haya, haya, njooni. Mna ndaa nyie, hamjala tangu jana."
Akafunika. Akarudi kitini. Akaketi.
Akaitazama saa ya ukutani
kama mtu asomaye jina la mgeni kwenye bahasha.
Akainuka.
"Haya, haya, njooni."

Miaka ishirini na sita alipikia shule, Makupa,
masufuria ya maharagwe ya kuogeshea mtoto.
Hakuna mdomo uliofunguka mbele yake
ukafungwa mtupu.
Na samaki, masikini, wao kazi yao
ni kufungua midomo.

Sikusema kitu. Niliutazama ule mwani,
unywele kwa unywele, mlo kwa mlo aliousahau,
vyote viko pale, havikupotea,
na mie miezi mitatu navisugua.

Usiku nikatoa kisanduku chake cha zamani cha dawa,
chenye vyumba saba, Jumamosi hadi Ijumaa,
nikatia chembe kila chumba.
Kikopo kikubwa nimekificha nyuma ya unga wa sima.
Asubuhi hufungua chumba, akamwaga, akafurahi.
Adhuhuri hukitikisa kisanduku sikioni.
"Kibibi, watu wa duka hawa wanatuibia."
"Ndiyo, Mama. Kesho nitagombana nao."

Ijumaa hii rangi imesimama kwenye waridi.
Si njano. Waridi.

Leo nimetoa jiwe moja, nimeliweka beseni la maji ya chumvi,
nimempa mswaki.
Anasugua polepole, kidole gumba kikishika kona,
vile alivyonishika kidevu nilipokuwa na miaka minne.
Kijani kinatoka, cheupe kinaonekana.
"Ukoga wote huu," anasema. "Meno ya nani haya?"

Nawaza cha kumjibu.
Ananisogezea beseni.
"Wee ushakula?"